Dirisha la Mama Lililotolewa Kisugu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sitti Abdul-Karim
Umri: Miaka 54
Kazi: Muuzaji wa samaki wa kugandishwa
Makazi: Kisugu, Makindye, Kampala
Tarehe na saa: 13 Februari 2025, saa tano kamili asubuhi
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi
Mwandishi: Koplo Alanyo

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naishi Kisugu kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu, pamoja na mama yangu mzazi, Bushira, mwenye miaka themanini na moja, na mdogo wangu Yasiin, dereva wa lori. Mama ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, basi. Mengine yote anayajua kwa masikio, na masikio yake ni makali kuliko yangu.

Sebuleni nina friza mbili za samaki. Madirisha ya sebule yanatazama magharibi, na yalikuwa ya zamani, ya vibamba vya kioo vinavyopandana, vingine havifungi tangu baba yu hai. Jua la alasiri lilikuwa linaingia mpaka ukuta wa pili. Friza zilinguruma mchana kutwa bila kupumzika na bado samaki, hasa ngege, walikuwa wanalainika. Yasiin akaona kwa rafiki yake madirisha ya vioo viwili, yenye hewa iliyofungiwa katikati, ambayo hayapitishi joto. Akasema na sisi tuweke hayo, sebuleni mawili na chumbani kwa mama moja.

Fundi alimtafuta yeye. Ni Mkongo anayeitwa Kasereka, ana karakana upande wa Nsambya. Mnamo tarehe 27 Januari alikuja kupima. Naomba iandikwe kwamba tangu siku hiyo sikumpenda. Aliingia na viatu mpaka kwenye mkeka. Aliweka kipimo chake ukutani, akacheka, akauliza, "Hii ukuta nani alijenga? Iko inalala." Nikamwambia aliyejenga ni baba yangu na yuko kaburini. Hakuomba radhi. Aliandika vipimo vya madirisha yote matatu akaondoka.

Dirisha la mama ni la mbao, la vibao vya kulala, limepakwa rangi ya kijani. Mama hukaa hapo kutwa. Hata likifungwa anasikia nani anapita, nani anagombana, adhana imefika wapi. Wiki iliyopita aliposikia kwamba nalo litabadilishwa alikataa katakata. Alisema, "Langu mliache. Mkiniwekea hayo ya kuziba nitajuaje kama mpo?" Yasiin akakubali. Akaniambia nimpigie fundi nimweleze, maana yeye alikuwa njiani na mzigo.

Mnamo tarehe 10 Februari, Jumatatu, saa nne asubuhi, nilimpigia simu nikiwa Ggaba sokoni. Palikuwa na kelele na nilikuwa na haraka. Nilimwambia hivi, na nayataja maneno yangu kama yalivyotoka: "Sikia fundi. Hizi za sebule zote mbili badilisha. Hii ya mama, tosha."

Yeye akauliza, "Ya mama nitoshe?"

Nikasema, "Tosha."

Akauliza tena, "Nitoshe kabisa?"

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Tosha kabisa! Mara ngapi?" Nikakata simu. Nilimwambia mwanamke aliyekuwa jirani na meza yangu kwamba watu hawa wa Kongo neno moja mpaka uwarudie kama mtoto wa darasa la kwanza. Tukacheka.

Maana yangu ilikuwa kwamba dirisha la mama linatosha lilivyo, aliache. Hapa Kampala kila mtu angenielewa.

Mnamo tarehe 12 Februari, Jumatano, nilitoka nyumbani saa mbili na nusu asubuhi kwenda Ggaba. Fundi alikuwa bado hajafika. Ya hapo katikati nimeelezwa na mama, mimi sikuwepo. Mama anasema fundi alifika saa tatu, akafanya kazi ya sebuleni mpaka saa tano. Kisha alikuja chumbani kwake. Mama akamuuliza, "Na hii yangu?" Fundi akamjibu, "Yako, mama, ninatosha sasa hivi." Mama akasikia "inatosha". Akafurahi, akamwambia, "Ahsante mwanangu, Mungu akubariki." Akatoka kwenda kukaa jikoni uani mpaka vumbi litulie. Kelele za nyundo alizisikia, akadhani ni za sebuleni.

Nilirudi na bodaboda saa saba na dakika arobaini mchana, nina kapu la samaki mkononi. Yasiin alikuwa amefika kama dakika tano kabla yangu na lori lake lilikuwa barabarani. Nilisimama getini. Kutoka hapo mpaka dirisha la mama ni hatua kama nane na hakuna kitu kinachoziba.

Dirisha la mama halikuwepo. Palikuwa na la alumini, la vioo viwili. Mama alikuwa ndani, amerudi chumbani, anakipiga kioo kwa viganja. Mdomo wake ulikuwa unasema na mimi sikusikia hata neno moja. Baadaye alituambia kwamba alidhani masikio nayo yamekufa. Mama yangu nimemwona akizika mume na watoto wawili, ila sijawahi kumwona na uso ule.

Fundi alikuwa juu ya ngazi, nje, anakifuta kioo hicho hicho kwa kitambaa. Alikuwa anamwitikia mama kwa kichwa na kutabasamu. Nadhani alidhani anashukuriwa.

Yasiin alikuwa chini ya ngazi. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilisema, "Mshushe huyo!" Koplo ameniuliza kama nina hakika nilisema hivyo. Ninayo. Yasiin akaishika ngazi kwa mikono miwili akaivuta. Fundi akaanguka kwenye kizingiti cha saruji, akaangukia mkono wa kulia. Nilisikia mfupa ukivunjika nikiwa pale getini.

Kisha Yasiin akaukanyaga mkono huo kwa buti. Mara mbili. Mara ya kwanza ungeweza kusema ni bahati mbaya.

Niliangusha kapu nikasogea. Sikusogea kumsaidia, nilisogea kumtukana. Fundi alikuwa amelala chini, akanitazama akasema, "Ni wewe ulisema nitoshe!"

Nikasema, "Nilisema tosha!"

Akasema, "Ndiyo! Tosha!"

Tukarushiana neno hilo moja kama mara nne, kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Majirani wakajaa.

Polisi walifika saa nane na robo. Yasiin akawaambia kwamba mtu huyu ameng'oa dirisha la mbao ili akaliuze, na kwamba alianguka mwenyewe alipokuwa anakimbia. Afande mmoja akaniuliza kama ndivyo. Nikatikisa kichwa kukubali. Fundi akapelekwa hospitali Nsambya chini ya ulinzi, kama mwizi.

Kuhusu dirisha la mbao, nililikuta ukutani nyuma ya nyumba. Lilikuwa limefungwa kwa gunia na kamba ili vibao visivunjike, na bawaba zake zote na misumari vilikuwa kwenye kopo kando yake. Niliviona hivyo jana hiyo hiyo, saa kumi jioni. Nikajua kwamba mtu anayeiba hapangi hivyo. Nikanyamaza. Nyumbani Yasiin aliniambia, "Kesho useme alianguka mwenyewe. Wewe ni dada yangu." Nikamwambia sawa.

Leo asubuhi, saa tatu na nusu, nilifika kituoni hapa kusema hivyo. Nilikaa kwenye benchi la nje kungoja zamu, mkoba wangu nimeuweka pembeni. Akaja mwanamke mmoja na thermosi mkononi. Nilikuwa sijamwona kabla. Ni mke wa fundi, anaitwa Esperance. Alinijua mimi ni nani, maana hakunisalimu. Alisema, "Tosha mukoba."

Nikamwambia, "Mkoba unatosha nini?"

Akasema kwa sauti ya juu, "Nasema tosha! Tosha mukoba hapo, nikae!" Na mkono wake ukawa unafanya hivi, kama mtu anayeondoa kitu mezani. Koplo ameuona mkono nilivyouonyesha.

Nikamuuliza, "Kwenu tosha ni nini?"

Akaniangalia kama mwenda wazimu. Akasema, "Tosha ni tosha. Tosha viatu, tosha sahani, tosha mutoto kwenye maji. Kuondoa. Wewe unaita aje?"

Niliuondoa mkoba. Akakaa. Aliniambia jina lake na habari za mkono wa mumewe, basi. Nilikaa pale nikihesabu mara ngapi fundi aliniuliza kwenye simu. Mara mbili. Mtu aliniuliza mara mbili kama kweli aling'oe dirisha la mama yangu, na mimi nikamjibu mara mbili ang'oe, tena kabisa, kwa ukali, kisha nikamcheka kwamba hajui Kiswahili.

Sijafika hapa kumsifu. Ana dharau, na ukuta wa baba yangu aliucheka. Angeuliza mara ya tatu isingemuua. Hata hivyo hakuiba, hakukimbia, na hakuanguka mwenyewe. Alifanya alichoambiwa na mimi, na mama yangu akambariki kwa kazi hiyo. Mkono aliokanyagwa ndio anaoshikia kipimo na bisibisi. Esperance amesema madaktari bado hawajui kama vidole vitakunjika.

Koplo ameniuliza kama kuna mtu aliyenilazimisha kubadilisha niliyokubali jana. Hakuna. Ameniuliza kama ninaelewa kwamba nilidanganya mbele ya polisi. Ninaelewa, na naona aibu. Ameniuliza pia kama huenda Yasiin aliivuta ngazi kwa nia ya kumsaidia fundi kushuka. Nilikuwa nimesimama hatua nane, na macho yangu hayana mtoto wa jicho. Aliivuta ili amwangushe.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasema kwa mdomo wangu. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nimesahihisha mahali pawili, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: S. Abdul-Karim

MAANDISHI YA AFISA

Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi, naye amekiri ni yake. Kabla ya kutia sahihi nilimweleza kwamba kwa maelezo haya ulinzi kule hospitali utaondolewa na ndugu yake Yasiin atakamatwa leo. Alinijibu kwamba hakuna haja ya kumtafuta, kwani yuko nje getini, amemleta yeye na anamngoja amrudishe nyumbani. Kisha akatia sahihi. Ameomba aruhusiwe kutoka kwanza ili amwambie yeye mwenyewe. Nimemkatalia.

Koplo Alanyo
13 Februari 2025, saa saba na dakika tano mchana