Kamba ya Kitambulisho Shingoni, Bosi Yuko Uholanzi

Kwa masikitiko makubwa, safu hii inawatangazia wasomaji wake wote wa Dodoma, Chamwino, Kondoa na popote gazeti hili linapofungiwa maandazi, kwamba kalamu nyekundu ya mshauri ilikauka wino siku ya Jumanne, majira ya chai. Kutokana na msiba huo, barua ya wiki hii inachapwa kama ilivyoletwa, na koma zake zote. Tuwe wavumilivu.

*

Shikamoo Mama Dorkasi, nakuandikia nikiwa nimebanwa pande zote, mimi naitwa Abeli, nina miaka ishirini na tisa, naishi Ipagala, naandika programu za kompyuta kwa kampuni moja ya Uholanzi inayouza mitambo ya kukamua ng'ombe, huko kwenyewe sijawahi kufika, tunaonana kwenye skrini tu, na wananilipa mara nne ya wenzangu walioajiriwa serikalini, sijisifu mama, naeleza tu. Nina mchumba, Erica, ni muuguzi, asili yao ni Wagogo wa Mvumi kama sisi, na shida ilianza siku niliyokwenda kwao mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma, kujitambulisha, baba yake Mzee Bartolomayo alistaafu masijala, miaka thelathini na minne anatunza majalada ya serikali, akaniuliza, "Kijana, kazini ni wapi?" nikasema, "Nyumbani, baba," basi mama yake Erica akaniongezea ugali kama anavyoongezewa mtu aliyetoka kulazwa, na mzee akasema, "Hata mbuzi asubuhi hutoka."

Mama, niliumia, kesho yake nikavaa tai, nikatafuta kamba ya kitambulisho kama zile za watu wa wizarani, nikaning'iniza kadi ya semina ya ufugaji nyuki niliyohudhuria zamani, nikaigeuza isisomeke, nikapita mbele ya nyumba ya mzee saa moja na nusu asubuhi kwa mwendo wa mtu anayewahi, sikusema neno, mzee mwenyewe akanipungia mkono, "Naam! Sasa huyo ni mtu!" na tangu siku hiyo, miezi mitano sasa, natoka kila asubuhi nakwenda kukaa nyuma ya duka la stesheneri la rafiki yangu Mudrick, wanakotoa kopi na kupiga picha, kompyuta mapajani, wakati nyumbani nina meza, nina kiti walichoninunulia Waholanzi, nina intaneti nzuri na betri ya umeme ukikatika. Juzi niko kikaoni namweleza bosi habari za maziwa, mteja akapaza sauti, "Mudrick, leo kwenye pasipoti saizi usinikate kichwa!" mashine ya kopi nayo ikanguruma, na bosi, mama mtu mzima, akaniuliza kama ninaishi ndani ya mashine.

Sasa Jumatatu ijayo saa nne asubuhi natakiwa kuonyesha programu yangu ya kumbukumbu za ng'ombe mbele ya wateja wakubwa, nikifanya vizuri nakuwa kiongozi wa timu, zikisikika kelele tena mkataba hauongezwi, bosi ameshasema, na Jumapili baada ya ibada Mzee Bartolomayo kanishika bega, "Jumatatu ijayo napita ofisini kwako nikusalimie, saa nne utakuwepo?" nikasema, "Nitakuwepo baba, Jumatatu huwa tuna kazi nyingi sana," akatabasamu, akasema, "Vizuri sana." Mudrick anashauri nikodi chumba chenye meza kubwa, yeye akae mlangoni kama katibu muhtasi, amwambie mzee niko kikaoni, Erica naye kakasirika, "Mimi naolewa na wewe au na hiyo kamba?" na posa inajibiwa mwezi ujao, mzee akijua nimemdanganya namkosa Erica, nikivuruga kikao naikosa kazi, mama, nikodi chumba au nisikodi?

*

Marahaba, Abeli. Usikodi.

Pole kwa ule ugali. Lakini wenzako hudanganya kwamba wana kazi wakati hawana. Wewe unayo, na umejituma miezi mitano kudanganya kwamba una ndogo kuliko hiyo. Nimesoma barua nyingi za waongo, sijaona aliyejitia hasara kwa nidhamu kama yako.

Mzee simlaumu sana. Katika mji huu, mwanamume akionekana uani saa tatu asubuhi, majirani wanauliza kama ameachishwa au anaumwa. Kazi yako alikuwa hajawahi kuiona, wewe ukamweleza kwa neno moja, "Nyumbani," ukanyamaza kama mtu aliyekamatwa na kuku wa wizi. Hata mimi ningekuongezea ugali.

Halafu Mgogo, mtoto wa wafugaji, analipwa na Wazungu kwa ajili ya ng'ombe, anaona haya kumwambia Mgogo mwenzake! Ungekuwa unauza magauni ningekuelewa.

Vua kamba. Mchukue mshenga wako, ichukue kompyuta, nendeni Kikuyu Jumamosi hii. Omba radhi kwanza, ng'ombe baadaye. Ukishasamehewa mfungulie mzee skrini, mwonyeshe ng'ombe wa Kiholanzi mmoja mmoja, kila mmoja na namba yake, mama yake, chanjo zake na lita zake. Mwambie, "Baba, haya ndiyo majalada, na masijala ni mimi." Mtu wa miaka thelathini na minne masijala asipoelewa hapo, hataelewa tena.

Atakuuliza jambo moja ambalo hukuniandikia, nadhani kwa sababu huna jibu: uzeeni utakula nini? Mkataba wako unavunjwa kwa barua pepe ya mistari miwili. Hapo mzee ana haki, na wewe acha ubishi wa vijana. Ijumaa nenda ukajiandikishe kuchangia hifadhi ya jamii kwa hiari, na kama kodi hujalipa, lipa. Karatasi zote beba. Zina mihuri, na mzee huyo bila muhuri hasogei.

Jumatatu saa nne uwe Ipagala, kwenye kiti chako, mlango umefungwa. Mudrick mwache na vichwa vyake.

Na usiahirishe hiyo Jumamosi kwa kudhani mzee bado hajui kitu. Mtumishi wa serikali akistaafu husahau mengi, lakini siku za mapumziko hazisahau. Jumatatu hiyo yenye kazi nyingi sana ni Nane Nane. Ofisi zote za serikali zimefungwa.