Miguu ya Anayesema Barafu Imeshika

Mjukuu wangu Baraka,

Usicheke. Kwa umri tunakaribiana, lakini kwa ukoo mimi ni nyanya yako. Huku Muaither, kwenye joto la jangwani, tuko wazima, ila mtoto anaota meno na hakuna anayelala.

Unaniuliza kama uende na huyo rafiki yako wa Kanada kuvua hao samaki mnaowaita "macho ya paka" chini ya barafu ya ziwa. Mimi barafu naijua ya friji tu, lakini magugu ya Ziwa Victoria nayajua. Siku moja yalikuwa yamefunika maji kabisa, hadi ndege wanatembea juu. Binamu yangu akaniambia, "Kanyaga, we mwoga! Ni kama zulia." Nikachomeka fimbo yangu ya ndoano. Ikazama yote. Kumtazama yeye, amesimama juu ya jiwe.

Umesema baridi ikianza samaki hao huja jioni kula karibu na ufuko. Sasa mbona rafiki yako anataka mwende katikati ya ziwa? Toboeni hapo karibu, na upime unene kabla ya kukanyaga. Akikwambia barafu imeshika, angalia kwanza miguu yake iko wapi.

Nijibu ukiwa nchi kavu.

Nyanya yako,
Mama Neema