Kidonda cha Mama Si Mahubiri Yako

Matisi, Kitale

Kwa mdogo wangu Wafula,

Hapo Bokoli mmeamkaje, wewe na watoto? Sisi tuko wazima. Tumbo langu ndilo linazidi kuwa zima; Jumapili liling'oa kifungo cha shati katikati ya maombi, shemeji yako akacheka mpaka mchungaji akanyamaza.

Sasa tuache kucheka. Jana Mama alinipigia kwa simu ya jirani. Anasema kidonda cha mguu kimeanza kunuka, na tangu mvua ianze hujampeleka kliniki ya sukari Bungoma. Nikamuuliza kwa nini.

"Wafula anasema Mungu ananirudi kwa sababu ya ile pombe ya busaa nilikuwa nauza. Ati ni upendo, nivumilie."

"Na wewe unaonaje, Mama?"

"Mungu akinirudi nitanyamaza, si ni Baba yangu? Lakini yeye hajaniambia niache dawa. Ni Wafula ameniambia."

Bana, una bahati niko mbali na pumzi yangu ni fupi.

Hiyo busaa ndiyo ilikununulia yunifomu. Hata mimi ilininunulia, ingawa kwangu ilipotea bure, maana nilimaliza shule nikivuta mkia.

Kwamba Mungu humwadhibu anayempenda, hilo naliamini kukushinda. Mimi amenichapa mara nyingi na nilistahili. Lakini kumbuka Baba akifunza ng'ombe kulima. Kiboko alikuwa nacho na alikitumia. Ng'ombe akitoka kidonda shingoni, nira ilitolewa siku hiyo hiyo, Baba akakiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi, shamba lingoje. Hakusimama kando kumwambia ng'ombe avumilie. Anayekurudi kwa upendo habanduki karibu na kidonda. Wewe umekalia kiti, unaeleza. Na hata Mungu akitafuta kiboko, hawezi kukuokota wewe.

Jumatano asubuhi nitafika na teksi. Mama awe ameoga, kadi yake ya kliniki iwe mkononi. Usinipikie chai, usinifungulie Biblia mlangoni. Madaktari wakisema mguu ukatwe, nitakuja kukuchukua, umweleze Mama kwa mdomo wako kwamba ni upendo. Mimi nitakaa hapo nisikilize.

Shangazi yetu wa Webuye msalimie. Na mkeo msalimie sana. Mama ameniambia ni yeye humwosha kidonda ukishaenda kanisani. Mwambie ajitayarishe twende naye. Kwenye teksi kuna nafasi ya mtu mmoja, na si yako.

Bado ni kaka yako, upende usipende,
Wekesa