Aliyekata Laini Ni Mimi

Lodwar, Jumapili mchana.

Upepo unarusha mchanga tangu asubuhi na stima imepotea. Kanisani sijaenda. Ningeenda kuimba nini?

Wacha niseme. Juzi Baraka, fundi wetu wa Kakuma, alifutwa kazi kwa kosa langu.

Programu inayofuatilia pampu za visima niliiandika mimi. Ndani yake kuna klasi moja, yaani kiolezo, jina lake Kisima, yenye maelezo ya kisima chochote. Kutoka kwa hiyo natengeneza vitu vyenyewe: kisima cha Lopur, cha Kaikor na vingine. Kila kimoja kina faili lake. Laini ya setilaiti, inayotuletea habari za pampu ofisini, ni moja tu, ya klasi nzima, na visima vyote vinaitegemea.

Kitu kikiondolewa, kuna kipande cha programu kinachofanya usafi, tunakiita destrukta. Ziko mbili. Destrukta ya kitu inafunga vya kitu hicho tu. Destrukta ya klasi inaamka mara moja, programu nzima inapozimwa, na hiyo ndiyo inafunga vya wote.

Nyanya yangu hajawahi kushika kompyuta, lakini hili analijua. Mke mmoja akihama, anabomoa nyumba yake, anapakia punda, anaenda. Ua wa miiba haugusi, maana mbuzi za wenzake bado ziko ndani. Ua unabomolewa siku boma lote linahama.

Mimi na digrii yangu niliweka kufunga laini kwenye destrukta ya kisima kimoja.

Kisima cha Lopur kilikauka, Baraka akakiondoa kwenye orodha vile alivyoagizwa. Laini ikakatika kwa visima vyote, na skrini ikabaki kuonyesha habari za jana, kijani tupu, kama kwamba pampu zote ni nzima. Pampu ya Kaikor ikafa siku tatu bila sisi kujua. Akina mama wakarudi kuchimba maji kwenye mto mkavu, watoto wakaugua tumbo.

Meneja aliuliza ni nani aligusa mfumo. Akaambiwa ni Baraka, na kwa sababu Baraka ni mkimbizi kutoka Kongo, hakuna aliyejisumbua kuuliza swali la pili. Nilikuwa nimekaa pale pale. Kosa nilikuwa nimeshaliona.

Nilinyamaza.

Baadaye nikahamisha mstari mmoja, kutoka destrukta ya kitu kwenda ya klasi. Haikuchukua dakika tano. Meneja akanisifu mbele ya watu na mimi, bila haya, nikasema asante. Najichukia kwa hiyo asante.

Na mwaka jana kwenye mafunzo Baraka aliniuliza, "Dada, nikiondoa kisima kimoja, vingine havitaguswa?" Nikacheka. Nikamwambia mambo ya programu aniachie mimi.

Leo asubuhi ameniandikia, akianza na salamu ya Kiturkana: "Ejok dada. Nilikosea wapi? Unifundishe, nisirudilie tena kwa kazi ingine."

Hana hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo inanimaliza. Sijamjibu. Nikimjibu yeye peke yake, kwa sikio lake tu, bado nitakuwa nimejificha.

Meneja husoma blogu hii, hunitania nayo ofisini. Nimefikiria kuyaandika haya kwenye daftari, nilifunge, yaishe. Sitaki. Stima ikirudi nachapisha.

Imerudi.

Baraka, hukukosea popote. Meneja, kesho saa mbili utanikuta mlangoni kwako.