Farasi Aliyesimama kwa Miguu Mitatu

Salala, Omani

Kwa mama yangu, Bi Raya, Vitongoji.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo mama. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii ya kipupwe? Mie mzima, nnakula nnashiba, na sala sijaiacha. Nnajua anayekusomea ni Zuhura. Zuhura mdogo wangu, soma polepole na usiruke kitu, hata ukifika pahala panapokutaja weye.

Mama, simu zetu zinakatika katika, na jambo hili sikutaka ulisikie nusu nusu. Ndiyo maana nimeandika. Barua anakuletea mtu wa Micheweni anayerudi nyumbani.

Tajiri wangu wa Barka amefunga shamba lake. Wanyama waliobaki amempa dada yake, Bi Thuraya, mjane anayekaa huku Salala, kusini kabisa, safari ya kulikata jangwa lote. Mie nikaambiwa niwasindikize, na nikishawafikisha nipande ndege nije kumwozesha Zuhura. Ndivyo tulivyokubaliana.

Walikuwa farasi wawili na punda wawili. Usifikirie punda wa kubeba mchanga wa huko kwetu. Hawa ni wafupi, mgongo haunifiki kiunoni, masikio tu ndiyo makubwa. Watu hapa huwafuga kwa kuwapenda. Mmoja anaitwa Lozi, mwengine Zabibu. Na katika farasi yumo Ghazala, jike la makamo, mkali. Nilimkuta ana kidonda cha ukwato nikamuuguza mwenyewe, na tokea siku hiyo miguu yake hashiki mtu ila mie.

Dereva alikuwa Bwana Suleiman, Mwarabu mtu mzima aliyelelewa na bibi wa Wete, kwa hivyo Kiswahili chake kama chetu. Alipoona tunawapakia wote tela moja alitikisa kichwa.

"Farasi na vitoto vya punda pamoja? Akirusha teke moja tu, tuna msiba."

"Si vitoto, ni watu wazima," nikamwambia. "Na tumeweka ubao kati yao."

"Ubao," akasema, akapanda garini.

Tuliondoka alasiri jua lilipopoa, tukalala Haima, alfajiri tukaendelea. Huko mama hakuna mti. Mchanga kushoto, mchanga kulia, na barabara imenyooka mpaka macho yanachoka. Jua lilipokwisha kupanda, Bwana Suleiman akawa anatazama kioo cha pembeni kila mara.

"Tela linalalia upande," akasema, akasimamisha gari.

Nilifungua mlango mdogo nikachungulia. Komeo la ubao lilikuwa limekatika kwa mtikisiko, ubao umeanguka, na Lozi ameteleza mpaka chini ya Ghazala. Alikuwa amebanwa mabega baina ya ubao na ukuta, shingo yake iko pale pale ambapo Ghazala angekanyaga. Na Ghazala, mama, alikuwa ameukunja mguu wa mbele ameuinua, kasimama kwa mitatu. Sijui alisimama vile tangu wapi. Jasho linamdondoka tumboni, mapaja yanatetemeka, lakini ule mguu hakuuteremsha.

"Usiingie," Bwana Suleiman akaniambia. "Akianguka mtakufa weye na huyo punda."

"Mshike kichwa."

"Khamis, mie farasi namwogopa."

"Basi mwogope huku umemshika."

Akaingia. Akaishika kamba ya kichwani mwa Ghazala kwa mikono miwili, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya mtu anayelia. Mie nikatambaa. Mgongo wangu uligusa tumbo la Ghazala na nikausikia moyo wake unavyopiga. Lozi hakulia, alikuwa akinitazama tu. Nikauinua ubao kwa bega, nikamshika kiunoni nikamvuta kinyumenyume mpaka mlangoni. Alipokwisha kutoka, Ghazala aliuteremsha mguu wake taratibu, halafu ule wa pili, uliokuwa umebeba uzito wote, ukamkatalia. Akapiga magoti.

Tulimwinua kwa taabu. Lozi alichubuka tu, Zabibu na farasi wa pili hawakupata kitu. Lakini Ghazala alikuwa ameumia kano.

Tulikwenda mwendo wa pole mpaka Salala. Tulipoteremka mlima, mama, jangwa likakatika mara moja. Manyunyu, ukungu, minazi, migomba, watu wanauza madafu kando ya njia. Nikashusha kioo nikanusa udongo mbichi, nikalia. Bwana Suleiman akajifanya anaangalia njia.

Daktari wa mifugo alisema mguu utapona, ila kwa wiki nyingi umwagiwe maji baridi na ufungwe upya kutwa mara kadhaa. Vyenginevyo ni afadhali apumzishwe, yaani auliwe. Wafanyakazi wa hapa walijaribu kumshika, mmoja akang'atwa, mwengine akakoswakoswa na teke. Bi Thuraya akaniita.

"Mwanangu, najua una harusi ya mdogo wako, na sikulazimishi. Lakini ukiondoka sitaweza kumwacha anateseka."

Nilitoka nje nikampigia Zuhura. Tokea baba afariki mie ndiye walii wake, msimamizi wa ndoa yake, nikaona sina haki ya kuamua kabla ya kumuuliza. Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Kaka, mie nna mama, nna ami, nna ukoo mzima utakaojaa uani. Huyo farasi huko ana nani?"

Nikamwomba asikwambie mpaka nikuandikie mwenyewe. Usimkasirikie kwa kukuficha.

Basi mama, siji harusini. Nnajua umeshawaambia majirani kuwa Khamis anakuja, na nnajua utakavyonyamaza ukilisikia hili, nnaujua ule unyamavu wako. Sikutaka iwe hivi. Kila nikimfunga Ghazala bandeji nnafikiria ukumbi wenu na watu waliojaa, na mie simo. Lakini nilikuwamo ndani ya lile tela. Nilimwona. Kumwacha nisingeweza.

Leo asubuhi ameukanyagia ule mguu kidogo, akala majani mkononi mwangu. Lozi haondoki mlangoni pake. Bi Thuraya ameamuru wasitenganishwe.

Nisalimie ami Faki, ndugu wa marehemu baba, umwambie nimempa uwakili wa kumwozesha Zuhura, na nitampigia simu anisikie kwa masikio yake. Msalimie shangazi Mize, mpishi wetu wa shughuli zote, anibakizie hata harufu ya pilau. Na bwana harusi mwambieni shemeji yake anamwombea kheri.

Mama, niwie radhi na uniombee. Na siku hiyo kadhi akiuliza kaka wa bibi harusi yuko wapi, mjibuni kuwa yuko mbali, ni mzima, na ameridhia.

Mwanao,
Khamis