Shanga Nyekundu Kwenye Msumari

Jumatano, mwezi wa sita. Newala.

Kumeamka na ukungu mzito, hata mkorosho wa jirani siuoni. Kila anayepita kajikunyata ndani ya sweta. Mimi nimekaa barazani na gauni jepesi, nywele zimelowa jasho, najipepea kwa kipande cha boksi. Mtu akinisalimia najifanya napepea jiko. Jiko lenyewe sijaliwasha.

Nina aibu. Naandika hapa mtandaoni kwa sababu hakuna anayeijua sura yangu.

Jasho lilinianza mwaka jana, siku zangu za mwezi zilipokoma. Moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni hadi masikioni, halafu nalowa kama niliyemwagiwa ndoo. Gauni, shuka, mto, vyote chapachapa. Asubuhi nafua. Na anayeijua Newala anajua maji yetu yalivyo ya shida, mtu kufua mashuka kila siku huku hawezi kujificha.

Nilitakiwa kumwambia mume wangu, Baba Rehema. Badala yake nikatundika shanga.

Kwa msiotoka kwetu: sisi tuliolelewa kizamani hatumwambii mume kwa mdomo kwamba tuko kwenye siku zetu. Unatundika shanga nyekundu kwenye msumari juu ya kitanda. Ukimaliza unatoa nyekundu, unaweka nyeupe. Mwanaume haulizi, anatazama tu na kuelewa. Mimi ni kungwi. Hayo ndiyo ninayowafundisha mabinti wa unyago, na huwa nawakazia macho ninapowaambia kwamba mwanamke hachezei shanga.

Nimezichezea mwenyewe, mtu mzima wa miaka hamsini na moja!

Mwanzoni nilikuwa nabadilisha kila mwezi, ili aone bado nazipata siku zangu. Kisha jasho likazidi. Mkono wake ukinigusa tu naona kama kaa la moto, basi nikawa naziacha nyekundu siku mbili tatu zaidi. Msimu wa korosho ulipofika sikuzitoa tena. Yeye akateremsha mkeka, akawa analala chini bila kulalamika. Asubuhi ananiuliza, "Umeamkaje, Mama Rehema?" Nami najibu salama.

Nikaona nimeweza. Akaanza kunichotea maji mwenyewe, mwanaume na ndoo kichwani, watu wanamcheka. Akawa ananiletea maini kutoka sokoni, eti yanaongeza damu. Nikala maini yangu. Wala sikujiuliza kwa nini mtu huyu ana hofu na damu yangu.

Juzi jioni akaniambia nijiandae, asubuhi tunakwenda hospitali Ndanda. Nilidhani yeye ndiye anaumwa, maana amekonda. Jana tukaondoka alfajiri, tukabadilisha gari Masasi, njia nzima kaupakata mkoba wangu.

Nesi alikuwa binti wa umri wa Rehema wangu. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, na kabla sijakaa vizuri Baba Rehema akaanza yeye.

"Sista, mke wangu damu haikatiki. Tangu msimu wa korosho. Anafua mashuka kila siku, ananificha. Nisaidie, nakuomba." Machozi yakamtoka. Hata siku anamzika mama yake sikumwona akilia.

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nesi akanigeukia. "Pole mama. Mara ya mwisho kuona damu ni lini?"

Nikatazama viatu vyangu. Ningeweza kusema juzi. Kweli nililifikiria, Mungu anisamehe, na mume wangu analia pale pembeni yangu. Kisha nikasema kwa sauti ndogo: mwaka jana, wakati wa kupalilia mikorosho.

Baba Rehema akafuta uso. "Na zile nyekundu?"

Nikainamia viatu vyangu tena. Akatoka nje, akaniacha na nesi.

Binti yule wala hakunicheka. Akanipima, akaniuliza mengi, akaniambia jasho hili si ugonjwa, ni mwili unabadilika. Nilale na nguo ya pamba, niachane na gauni la nailoni. Nitandike khanga juu ya shuka, ikilowa nabadilisha khanga tu. Dirisha liwe wazi, na pilipili na chai ya moto nipunguze usiku. Likinizidia nirudi, dawa zipo. Na damu ikionekana tena, hata tone, nisikae nayo nyumbani. Maneno mazuri, lakini nilimsikia nusu, maana masikio yangu yalikuwa kule nje alikokaa mume wangu.

Kwenye gari la kurudi alisema mara moja tu. "Mimi nilishaanza kuwaza nani atakuosha."

Kuniosha maiti! Mwenzangu amelala chini miezi yote hiyo akiniwazia sanda, nami nipo kitandani najipongeza kwa ujanja wangu. Nililia hadi Newala, nimejifunika mtandio.

Jana usiku hakuingia chumbani. Alilala sebuleni, na leo ameondoka kwenda shamba bila kunywa chai.

Nimezitoa zile nyekundu. Nikashika nyeupe, nikazirudisha kikoponi. Nyeupe zitamwambia niko tayari, njoo, na mimi bado nawaka. Nimepekua kikopo chote cha shanga. Hakuna rangi ya mwanamke aliyekoma, basi itabidi mdomo wangu ufanye kazi.

Akirudi ataniuliza kwa nini. Nimejiandaa kusema ni jasho, ni aibu, ni uzee. Yote kweli, ila sicho chenyewe. Chenyewe ni kwamba mwanaume wa nyumba ya tatu alioa mke mdogo mkewe alipokoma, nami nikajiambia wangu atafanya hivyohivyo. Ndiyo maana nilitundika nyekundu.

Yeye alikuwa anaogopa nitakufa. Mimi nilikuwa namwogopa yeye. Nitamwambiaje hilo huku ananitazama?