Mchinjaji Amepimwa Moyo

Jumatano. Mvua ya saa tisa imefika saa tisa kamili, na mawe yake juu ya mabati. Soko zima la Masimba limejibanza vibarazani. Hakuna mteja, kwa hivyo naandika hapa bloguni.

Nianze na jambo mnalolijua: Kisii na Nyamira zikiwekwa pamoja, hakuna mtu ana bahati kama mimi. Nimechinja ng'ombe miaka ishirini na miwili. Nimekula nyama Mombasa, nimekula Kampala, nimekaa meza moja na watu wa suti. Na katika maisha yangu yote sijawahi kuanguka. Sijawahi kuzirai hata dakika moja. Wengine wanabebwa, mimi nabeba.

Asubuhi nilienda hospitali kwa ile shughuli ya kila mara, cheti cha afya. Bila hicho huruhusiwi kuuza nyama. Kawaida unatoka haraka. Leo muuguzi alinishika kifundo cha mkono akahesabu. Akaangalia saa. Akahesabu tena.

"Mzee, hii inaruka."

"Inaruka kwa furaha, imeshikwa na mrembo."

Hakucheka.

Nikapelekwa chumba cha nyaya. Shati nje, vibandiko kifuani, nimelala pale kama simu inayochajiwa. Mashine ikatapika karatasi ya miraba midogo, na juu yake mstari wa vilima vilima. Daktari ni msichana wa kutoka Machakos, mdogo kuliko binti yangu Nyaboke. Alipoanza kunieleza moyo ulivyo nikamkata maneno. Moyo? Unaniambia mimi? Mimi nimepasua mioyo mingi kuliko darasa lenu lote! Vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Chini kushoto ukuta ni mnene kama kidole gumba, kwa sababu unasukuma damu mwili mzima. Kulia ni mwembamba, kazi yake ni kufikisha mapafuni tu. Na milango ya ndani imeshikwa na nyuzi nyeupe, ngumu, kisu butu hakizikati.

Alinisikiza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na umeme wake, umewahi kuuona?"

Shule niliiacha kabla hatujafika kwenye umeme.

Akasema juu kabisa, kwenye chumba cha kulia, kuna kipande kidogo cha nyama ambacho ndicho kinatoa amri. Amri inatembea kwenye vyumba vya juu, vinajikunja. Ikifika katikati inasimama kidogo, makusudi, ili vyumba vya chini vijae kwanza. Ndipo inashuka kwa njia zake, kushoto na kulia, na chini nako kunajikunja. Hilo ndilo pigo moja. Haingojei kichwa kiseme.

Nikakumbuka machinjioni. Ukiutoa moyo wa ng'ombe haraka ukauweka kwenye beseni, bado unatetemeka. Miaka yote nimewaambia wenzangu, "Huyu hajapata habari," na wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kumbe ni huo umeme, unaendelea kutoa amri wakati mwenyewe ameshakwenda.

Kwa moyo wangu, amri inatoka vizuri. Shida iko pale katikati. Mara nyingine inafika hapo inapotea. Juu kunajikunja, chini hakusikii kitu. Daktari alinionyesha kwa kalamu: kilima kidogo, kilima kikubwa. Kidogo, kikubwa. Kidogo... halafu mstari mtupu, hakuna kitu.

Niliutazama ule mstari na sikupata mzaha wa kuuwekea.

Ndipo akauliza swali. "Umewahi kuanguka? Kuzirai, hata kidogo?" Akaweka kalamu chini, akanieleza kwa nini anauliza. Kama sijawahi, niende nyumbani, nirudi baada ya miezi michache tuangalie tena. Kama nimewahi, sitoki hapo. Natafutiwa kitanda, napelekwa nikawekewe kimashine chini ya ngozi, karibu na bega, chenye waya mpaka ndani ya moyo, kiwe kinafikisha amri pale inapopotea. Na mpaka siku hiyo, kisu hapana, pikipiki hapana.

"Yaya," nikamwambia. Ni hapana ya Kikisii, na neno hilo ameshalijua. Akaliandika.

Nimerudi, mke wangu ananingoja dukani. "Baba Nyaboke, wamesemaje?"

"Wamesema nina moyo wa fahali."

"Na mdomo wake pia. Basi Sabato unifikishe kanisani mapema, tuna mazoezi ya kwaya."

Kila Sabato anakaa nyuma yangu kwenye pikipiki, kitabu cha nyimbo kwapani, mkono mmoja kiunoni mwangu, tunashuka ule mteremko wote hivyo. Anaimba njiani. Hajawahi kuniambia nipunguze mwendo.

Tangu aitaje hiyo Sabato, nausikia ule mkono.

Yeye ndiye anafua koti langu jeupe la kazi. Mke wa mchinjaji haulizi damu kwenye koti ni ya nani. Hakuna mtu anauliza. Ukitaka kuficha kitu, fanya kazi kama yangu.

Blogu hii mke wangu haisomi, anasema majigambo ni mengi kuliko nyama. Leo ataisoma. Ametoka tu kupanga ndizi za kuuza kibarazani, akirudi nampa simu na funguo za pikipiki pamoja. Kesho duka halifunguliwi. Tunarudi wote wawili kwa yule daktari, afute ile "yaya" yangu.

Mama Nyaboke, ile bahati niliyoandika pale juu ni uongo. Nimeanguka mara tatu tangu mwaka uanze. Mara ya mwisho nilikuwa na kisu mkononi, na ile damu uliyofua Jumapili haikuwa ya ng'ombe.